Chaja isiyojua kusimama si chaja

Leo programu naziweka pembeni kidogo. Kuna kitu kimenikaa rohoni muda mrefu na leo nakitoa: chaja za betri za gari tunazonunua na kuzitumia huku kwetu Kaloleni. Mnazijua. Kisanduku cha bati chenye mshale mmoja unaochezacheza, koleo mbili, nyekundu na nyeusi, na mngurumo kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Kinawekwa sakafuni jioni, kinaunganishwa, watu wanaenda kulala, na asubuhi mwenye gari anakuja kuchukua betri yake "imejaa".

Imejaa, ndiyo. Imejaa, ikafurika, ikachemka, ikapikwa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeupenda aende zake mapema: betri nyingi tunazozitupa huku hazifi kwa uzee. Zinauawa, na muuaji mara nyingi ni ile ile chaja tuliyoilipia pesa ili iziponye. Ingia duka lolote, Mariakani au Mombasa, usikilize wateja. Swali la kwanza ni "hii ni ya ampea ngapi?" La pili ni "bei ya mwisho?" Swali la tatu, ambalo kwangu ndilo la kwanza, haliulizwi: hii ikimaliza kujaza, inafanya nini?

Nieleze kwa ufupi kinachotokea ndani ya betri, halafu nirudi kwenye ugomvi wangu.

Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2 na nukta kidogo. Ndani ya kila seli kuna mabamba ya risasi (mafundi wengi huyaita pleti) yaliyozama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Ukiitumia betri, asidi inaingia kwenye mabamba na kutengeneza salfeti ya risasi. Ukiichaji, salfeti inavunjika na asidi inarudi kwenye maji yake. Ukiiacha tupu kwa wiki kadhaa, ile salfeti inakuwa ngumu kama jiwe na hairudi tena. Hiyo ndiyo betri ambayo fundi anakwambia "haishiki moto". Na ukiendelea kuisukumia umeme ilhali salfeti imekwisha, umeme hauna kazi nyingine ya kufanya ila kuvunja maji yenyewe kuwa haidrojeni na oksijeni. Ule mchemko unaousikia ndio huo. Watu wanausikia wanafurahi, "betri inakubali". Jamani, haikubali. Inalia.

Hapa ndipo mimi kama mtu wa programu nashindwa kunyamaza. Shahada yangu ya sayansi ya kompyuta haikuwa na somo hata moja la betri, lakini somo la kwanza kabisa la kuandika programu lilikuwa hili: usianzishe mzunguko usiokuwa na sharti la kutokea. Ile chaja ya bati ukiiandika kama programu inakuwa hivi:

wakati kweli:
    sukuma

Basi. Mistari miwili. Haipimi, haiulizi, haisimami. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akileta kazi kama hiyo anarudishiwa daftari lake. Sisi tunaiweka usiku kucha kwenye kitu chenye asidi, ndani ya chumba tunacholala.

Chaja inayojua kazi yake inafanana zaidi na hii:

hali = "jaza"
wakati stima ipo:
    ikiwa hali ni "jaza" na volti imefika 14.4:
        hali = "shibisha"
    ikiwa hali ni "shibisha" na ampea zimeshuka hadi asilimia 2 ya uwezo:
        hali = "tunza"

Katika hali ya "jaza" inasukuma ampea zake zote. Katika "shibisha" inashikilia volti pale pale kwenye 14.4 na kuiachia betri yenyewe ivute inachohitaji, na kila inapokaribia kujaa inavuta kidogo zaidi na zaidi. Katika "tunza" inashusha volti hadi kama 13.6 na kukaa hapo, inafidia tu kile kinachovuja. Betri inaweza kukaa hivyo wiki, hata miezi, isichemke. Ni mistari sita na kidude cha kupimia volti. Hakuna akili bandia humo, hakuna uchawi. Mgema wa mnazi hapa Kaloleni anapanda asubuhi na jioni kuangalia kibuyu chake, kwa sababu anajua kikijaa kitamwaga. Chaja ya bati haina hata akili ya kuangalia kibuyu.

Sasa tuje kwa jamaa zetu wa kuchaji kwa malipo. Hii biashara ina historia ya heshima, nisieleweke vibaya. Kabla ya nguzo za stima kusambaa, na hata kabla ya mradi wa Last Mile ulioanza mwaka 2015, betri ya gari ndiyo ilikuwa stima ya nyumba nyingi za mashambani Kenya. Ilibebwa kwenye kereo ya baiskeli hadi sokoni, ikachajiwa, ikarudi nyumbani kuwasha redio na ile tivi ndogo ya picha nyeusi na nyeupe. Bila watu wa chaja, vijiji vingi visingeona hata mpira. Lakini namna ya kuchaji haikubadilika tangu siku zile, na ilikuwa mbaya hata siku zile.

Wengi huunganisha betri mfululizo, chanya ya hii kwa hasi ya ile, ili moja moja zipate ampea sawa kwa mpigo. Inaonekana ni haki. Hebu tupige hesabu. Tuseme kuna N70 ya ampea-saa 70 na NS40 ya ampea-saa 35, zote zimefika nusu, na chaja inatoa ampea 6. Ile ndogo inahitaji kama ampea-saa 20 ukijumlisha na upotevu, kwa hiyo imeshiba baada ya saa tatu na nusu hivi. Ile kubwa inahitaji kama 40, karibu saa saba. Maana yake kwa saa tatu na zaidi ile ndogo imeshiba na bado inalishwa kwa nguvu. Kila ampea-saa ya ziada inavunja kama theluthi moja ya gramu ya maji katika kila seli. Kwa seli sita na ampea-saa 18 hivi za ziada, umepoteza karibu gramu 36 za maji na umetoa zaidi ya lita 45 za gesi ya haidrojeni ndani ya kibanda cha mabati. Haidrojeni inahitaji kufika asilimia 4 tu ya hewa ili iweze kuwaka. Na hapo nimesema saa tatu. Wakilala hadi saa kumi na mbili asubuhi?

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Chaja ya transfoma isiyo na kidhibiti inatoa volti kulingana na inavyopokea. Huku kwetu, mwishoni mwa laini ndefu, stima ya jioni watu wanapopika na kutazama taarifa ya habari huwa dhaifu, na usiku wa manane kila mtu amelala inaweza kupanda. Kwa hiyo chaja inasukuma kidogo betri ikiwa na njaa, na inasukuma zaidi ikiwa imeshiba. Kinyume kabisa cha inavyotakiwa. Ungekuwa unaandika programu kwa makusudi ya kuua betri, usingeandika vizuri zaidi.

Nasikia mtu anasema: "Wewe kijana wa laptopu, sisi tumechaji hivi miaka ishirini." Sawa. Na kwa miaka hiyo ishirini umenunua betri ngapi?

Lakini niwe mkweli, fundi ana hoja tatu na zote ni za kweli. Kwanza, ile transfoma ikiharibika anaifungua, anabadilisha diodi, anaendelea na kazi. Chaja za kisasa zikipigwa na stima iliyorudi kwa kishindo zinakufa kimya na hakuna wa kuzitengeneza. Pili, wateja wenyewe ndio wanataka betri ndani ya saa mbili, na asipoifanya yeye watakwenda kwa jirani. Tatu, chaja nyingi za kisasa zikikutana na betri iliyoshuka sana zinakataa kuanza kabisa, zinaonyesha taa nyekundu na kugoma, kwa sababu zinadhani hakuna betri au imeharibika. Ile ya bati haijui kukataa.

Hoja ya tatu naikubali moja kwa moja, na ndiyo sababu sisemi ile transfoma itupwe mtaroni. Iliyobaki imekwisha kabisa iunganishe kwenye transfoma kwa dakika kumi au kumi na tano, mtu akiwa amesimama pale na mita mkononi, ikipanda uihamishie kwenye chaja yenye akili. Ndiyo hoja yangu yote ilivyo: lazima kuwe na kitu kinachosimamisha. Kama si chipu, basi awe mtu mwenye mita ya volti na saa. Tatizo ni kwamba huku kwetu mara nyingi hakuna chipu na mtu mwenyewe amelala.

Sasa maduka. Hapa nina hasira zaidi, kwa sababu fundi hajui na muuzaji anajua.

Sanduku limeandikwa ampea 20 kwa herufi kubwa kama bango la kampeni. Geuza nyuma. Kuna kibandiko kidogo kinachosema inavuta wati ngapi kutoka kwenye stima. Piga hesabu ya darasa la saba: ampea 20 mara volti 14 ni wati 280 zinazotoka. Hakuna kifaa duniani kinachotoa zaidi ya kinachoingiza, kwa hiyo nyuma panapaswa kusoma wati 300 na zaidi. Ukikuta wati 60, hiyo ni chaja ya ampea 4 ukiwa na bahati. Nambari ya mbele ni ya kuuzia, ya nyuma ndiyo ya kweli. Nimewahi kumwonyesha muuzaji mmoja (sitaji duka wala mtaa) hesabu hiyo kwenye simu. Akanijibu, "Hiyo ya mbele ni ampea za China." Nilicheka hadi nje!

Na cha kuchekesha zaidi, hizo ampea 20 hata zingekuwa za kweli huzihitaji. Kanuni ya zamani inayofaa hadi leo ni kuchaji kwa kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri. Betri ya ampea-saa 50 inataka ampea 5. N70 inataka 7. Chaja ya kweli ya ampea 5 hadi 8 inatosha Probox, inatosha Noah, inatosha matatu. Wenye lori kule Mariakani mna mfumo wa volti 24, yaani betri mbili mfululizo. Zitenganisheni na mzichaji moja moja kwa volti 12, zitawashukuru.

Kwa upande mwingine kuna wanaopenda vitu vya bei. Siku hizi chaja za Ulaya zinakuja na Bluetooth, unafungua programu kwenye simu unaona grafu ya volti inapanda. Victron wanazo, na grafu zao ni nzuri, siwezi kukataa, mtu wa data nitakataaje? Lakini msinunue chaja kwa ajili ya programu. Mimi ndio kazi yangu kuandika programu na nawaambia: taa ya kijani inayosema "imejaa" inatosha. Pesa ya Bluetooth nunua mita ya volti, ubaki na chenji.

Kitu kingine kwa hizo za Ulaya. Nyingi zina kitufe chenye picha ya theluji. Kitufe hicho kinapandisha volti hadi karibu 14.7 kwa sababu betri ikiwa baridi inahitaji kusukumwa zaidi. Kaloleni? Theluji? Sisi tunahitaji kinyume chake. Ile 14.4 ni ya nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo inafaa kupunguza kama volti 0.02 au 0.03. Betri iliyo kwenye nyuzi 35, na chini ya boneti mchana wa Februari inapita hapo, inataka kama 14.1 au 14.2. Chaja nzuri ina kipima joto inarekebisha yenyewe. Kama yako haina, chaji usiku au alfajiri, na kile kitufe cha theluji kiacheni, isipokuwa betri yako ni ya aina ya AGM na maandishi yake yenyewe yanataka volti hizo. Kitufe cha "kufufua" au "kutengeneza" nacho kinapandisha volti hadi 15 na zaidi. Usikibonyeze betri ikiwa bado imefungwa kwenye gari, labda kama umechoka na kompyuta ya gari lako. (Tarakilishi ya gari, angesema mwalimu wangu wa Kiswahili. Nisamehe mwalimu.)

Na swali ambalo huku Kenya ni la lazima kabla ya kulipa: stima ikipotea ikarudi, inafanya nini? Sote tunakumbuka Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima gizani. Hata bila siku kubwa kama ile, huku tunapotea na kurudi tumeshazoea. Kuna chaja za vitufe ambazo stima ikirudi zinasubiri mtu abonyeze tena. Unaamka asubuhi unakuta haikuchaji kitu tangu saa nne usiku. Kuna nyingine zinazotumia saa tu bila kupima, stima ikirudi zinaanza hesabu upya kutoka sifuri, betri inalishwa mara mbili. Mwambie muuzaji aiunganishe kwenye betri, ianze, achomoe plagi, achomeke tena. Uangalie. Ni jaribio la dakika moja. Akikataa, toka.

Nani hasa anahitaji chaja ya nyumbani? Si kila mtu. Gari linalokwenda Mombasa na kurudi kila siku halihitaji, altaneta inatosha. Wanaohitaji ni wale wa safari fupi fupi, kanisani, dukani, nyumbani, stata inachukua na altaneta haipati muda wa kurudisha. Na hasa wale ambao gari linamsubiri mtu. Tunao wengi: kijana yuko Doha au Nairobi, gari limefunikwa turubai chini ya mwembe hadi Desemba. Hesabu tena. Gari lililozimwa bado linavuta kidogo, saa, kengele ya wezi, kumbukumbu ya redio. Tuseme miliampea 30. Kwa siku 30 hiyo ni ampea-saa 21 na ushei. Betri ya ampea-saa 35 iko hoi kabla ya miezi miwili, na ukiongeza kifuatiliaji cha mahali gari lilipo, mapema zaidi. Halafu Desemba wanakuja vijana sita kusukuma, linawaka, kila mtu anapiga makofi, na betri ile imeshageuka jiwe ndani.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Ama utoe waya wa hasi kabla ya kuondoka, ambayo ni bure kabisa, ama uache chaja ndogo ya ampea 1 au 2 yenye hali ya "tunza". Kule Kayafungo na Mwanamwinga ambako soketi iko mbali na mwembe, paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chake inafanya kazi ile ile. Yenye kidhibiti, nimesema. Paneli inayoungwa moja kwa moja ni ile ile "wakati kweli: sukuma" ikiwa na jua badala ya Kenya Power.

Kuhusu kuitumia, nitasema yale tu ninayoona yakikosewa kila siku. Chaja iwe imezimwa ukutani kabla ya kugusa betri. Nyekundu kwa chanya kwanza, halafu nyeusi, na kama betri iko ndani ya gari nyeusi ishike chuma cha injini mbali na betri, si kichwa cha hasi, kwa sababu cheche ikiruka tunataka iruke mbali na ile gesi. Hapo ndipo unawasha. Kumaliza ni kinyume: zima kwanza. Mlango wazi, hakuna sigara, hakuna jiko karibu. Na yule anayejaribu betri kwa kugusanisha waya mbili aone cheche, namwomba avae miwani basi, macho hayauzwi dukani.

Halafu asidi. Ee wadau, hii asidi! Betri imepungua maji, mtu ananunua chupa ya asidi anajaza. Nani alituambia hivi? Asidi haipotei. Kinachopotea ni maji, tumeona hesabu yake hapo juu. Ukiongeza asidi unaifanya kali zaidi, inakula mabamba. Usomaji wa volti unapanda kweli, unadhani umeiponya, kumbe umeiongezea sumu. Kinachoongezwa ni maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale yanayouzwa kama maji ya betri, na yaongezwe baada ya kuchaji, isipokuwa mabamba yameonekana juu. Hapo weka kiasi cha kuyafunika tu, chaji, ndipo umalizie. Maji ya kisima hapana. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi na risasi havipatani.

Ukitaka kujua kama imejaa usiitazame ile mshale. Toa chaja, iache saa kadhaa, kisha pima. Volti 12.6 au 12.7, imejaa. 12.2, nusu. 12.0, ina njaa, ichaji leo si kesho. Ikijaa leo na kesho yake iko 10.5 bila kutumika, kuna seli moja imekufa, na hapo hakuna chaja, hakuna kitufe wala fundi wa kukusaidia.

Najua kuna atakayesema kelele zote hizi za nini, ni betri tu, ikifa nitanunua nyingine. Huyo ndiye niliyemwandikia leo.

Ukitoka Kaloleni kwenda Mombasa, unashuka Mazeras, unapita Miritini, unafika Mikindani. Hapo Mikindani ndipo kilipo kijiji cha Owino Uhuru. Ukutani mwa nyumba za watu, takriban watu 3,000, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za gari kutoa risasi, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009. Mtoto wake, aliyekuwa ananyonya, akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Akaacha kazi na kuanza kupiga kelele, akakamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi wafidiwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu Zaidi ikairudisha. Kutoka kiwanda kufungwa hadi hukumu hiyo ya mwisho ni miaka kumi.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kile kiwanda hakikuwa kikila hewa. Kilikuwa kikila betri, nazo zilitoka kwenye magari ya watu kama sisi. Betri ambayo ingekaa miaka minne ikifa baada ya mwaka mmoja na nusu, inakwenda kuyeyushwa mara mbili na zaidi ya ilivyohitajika, na mahali fulani kuna ukuta na kuna nyumba upande wa pili wake.

Kwa hiyo iliyokufa kweli usimpe yule anayepita na mkokoteni akikupa pesa ya chai, akaipasua kwa shoka nyuma ya nyumba na kumwaga asidi kwenye mchanga ili betri iwe nyepesi kubeba. Irudishe kwa muuza betri unayenunua kwake mpya, nzima na asidi yake ndani. Wengi wao hukupunguzia bei ukiwaletea ya zamani. Uliza kabla ya kulipa.